Barua ya Wazi kwa Kamati za Ukaguzi: Ombeni Daftari la Mapokezi

Waheshimiwa wajumbe wa kamati za ukaguzi katika bodi za kampuni za bima nchini Kenya,

Ninawaandikia kwa sababu niliwahi kukaa chumba kimoja nanyi. Sikukaa mezani. Nilikaa kile kiti cha ukutani, karibu na birika la chai, anachowekewa mkaguzi wa ndani ili aingie ajenda namba sita, aseme dakika kumi na tano, akusanye karatasi zake atoke. Nilikikalia miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Kuna neno nililopaswa kuwaambia kutoka pale na sikulisema, kwa hiyo mkiona barua hii ina ukali, jueni sehemu ya ukali huo najielekezea mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Nilikuwa nakagua idara ya madai, kazi ya kawaida tu: unachukua faili kadhaa, unaangalia kama fomu imejazwa, kama mkadiria hasara alifika gereji kweli, kama picha za gari ni za gari lenyewe. Nikipita mapokezi nikaliona daftari la barua zinazoingia, lile kubwa lenye jalada gumu, ambamo msichana wa mapokezi huandika kila bahasha inayoletwa na tarishi kabla ya kuigonga muhuri. Nikaliazima. Nikajifungia nalo, nikawa nalinganisha kurasa zake na mfumo wa kompyuta. Tangu katikati ya Novemba hadi siku ya mwisho ya mwaka, barua za mawakili zilikuwa zikiingia kila siku ya kazi. Mnazijua barua hizo: mteja wetu aligongwa na gari lenye namba fulani, tarehe fulani, mahali fulani. Kwenye mfumo wa madai, karibu zote zilikuwa na tarehe ya Januari.

Zenyewe nilizikuta kabatini, zimefungwa kwa raba, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Msimamizi wa madai nilipomuuliza hakubabaika. Aliniambia kwamba ndivyo hufanyika kila mwisho wa mwaka, maana kule juu hawapendi idadi ipande kabla vitabu havijafungwa. Alisema hivyo kama mtu anayenieleza mahali sukari inapowekwa.

Nikaandika ripoti ya kurasa tisa. Ikapelekwa kwanza kwa mkurugenzi mkuu ili, nilivyoambiwa, aipitie lugha. Ikarudi kurasa sita. Mkurugenzi wa fedha naye akaipitia. Ilipoingia kwenye kabrasha la kamati ilikuwa mstari mmoja ndani ya jedwali, umepakwa rangi ya manjano: kulikuwa na ucheleweshaji wa kiutawala katika usajili wa baadhi ya barua, uongozi umekubali na utarekebisha. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Kimya. Akanitazama na mimi. Mkurugenzi mkuu alikuwa viti vitatu kutoka nilipokaa, na ndiye aliyekuwa akitia saini tathmini yangu ya kazi na bonasi yangu. Nilikuwa na mtoto kidato cha tatu. Nikainamia karatasi zangu, kikao kikasonga mbele kwenye ajenda namba saba.

Huenda mkasema: barua zimechelewa mwezi mmoja, si zimesajiliwa hatimaye? Naomba mnivumilie nieleze kwa nini raba ile ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu wengi wenu mmeletwa kwenye bodi hizi kwa ujuzi wa sheria, benki, kilimo au utumishi wa umma, na bima ina ugeni wake.

Muuza sukari anajua alinunua kwa bei gani kabla hajaiuza. Kampuni ya bima huuza kwanza, gharama yake ikajulikana baadaye, wakati mwingine miaka mingi baadaye. Mtu aligongwa na matatu mwaka huu. Kesi itafunguliwa mwaka ujao, itaahirishwa, shahidi atakosekana, hukumu itatoka baada ya miaka, kisha rufaa. Muda wote huo ada iliyolipwa imo benki na inaonekana kama utajiri. Ndiyo maana kampuni ya bima inaweza kufa huku fedha zikiendelea kumiminika. Hata zaidi: ikishusha bei ili ivute magari mengi, fedha zitaongezeka, italipa madai ya zamani kwa ada za wateja wapya, na kwa mtazamaji itaonekana inakua. Kinachotenganisha kampuni hai na maiti inayotembea ni kitu kimoja kwenye mizania, nacho ni akiba ya madai: makadirio ya deni ambalo kampuni tayari inalo kwa watu walioumia, waliojulikana na wasiojulikana bado.

Makadirio hayo hufanywa na mtakwimu bima. Yeye hasomi barua moja moja. Hutazama miaka iliyopita, akaona madai ya ajali za mwaka fulani yaliingia kwa mwendo gani, akakisia yaliyobaki njiani. Sasa fikirini mwendo huo unapochezewa. Kila Desemba kabati linashikilia barua, na kila mwaka linashikilia nyingi kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mtakwimu ataona madai yanapungua. Atafanya hesabu yake kwa uaminifu kabisa, nayo itatoka pungufu. Mkaguzi wa nje atakuta mahesabu yanalingana na ripoti ya mtakwimu, na ripoti ya mtakwimu inalingana na mfumo. Kiwango kipya cha uhasibu wa mikataba ya bima, IFRS 17, kilichoanza kutumika 1 Januari 2023, kinadai hesabu za kina kuliko zamani, pamoja na nyongeza ya wazi kwa ajili ya mashaka yaliyomo katika makadirio. Ni hatua njema. Lakini hakuna kiwango cha uhasibu kinachoweza kuhesabu barua iliyo kabatini. Kati ya watu wote wanaolipwa na kampuni ile kulinda hesabu, anayeweza kushuka hadi mapokezi ni mkaguzi wa ndani peke yake.

Nchi hii haihitaji kufundishwa kampuni ya bima ikianguka inakuwaje. Kenya National Assurance, ya serikali, ilianguka mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Hizi mbili zilikuwa zimebeba matatu nyingi. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Resolution, ya bima ya matibabu, na wagonjwa wakajua kadi zao hazina kazi wakiwa wamesimama dirishani hospitalini. Sisemi kila moja iliangushwa na akiba ya madai, wala kwamba kila moja ilikuwa na kabati lenye raba. Nasema hakuna kampuni inayofikishwa hapo kwa siku moja.

Na anayelipa ni nani? Msimamizi akishateuliwa, sheria humruhusu kusitisha malipo. Aliyeumia ana hukumu mkononi na hana wa kumlipa, basi wakili wake anamgeukia mwenye gari. Mwenye gari alikata bima, alibandika stika kiooni, alilipa kila shilingi. Sasa dalali wa mahakama yuko langoni anaandika orodha: sofa, friji, gari lenyewe. Wenye magari wa kampuni zilizoanguka walilazimika kukimbilia mahakamani kuomba zuio. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ulioanza kazi mwaka 2005, unaochangiwa kwa asilimia 0.25 ya ada kutoka kwa mteja na kiasi kama hicho kutoka kwa kampuni. Kikomo cha fidia yake ni shilingi 250,000. Sheria ya bima ya magari, kwa upande wake, inaitaka kampuni ya bima imlipe aliyeumia hadi shilingi milioni 3. Pengo lililo katikati ya namba hizo mbili ni nyumba ya mtu.

Katika furushi lile la raba, barua ya juu ilihusu mama mboga aliyegongwa kando ya kituo cha magari, akavunjika nyonga. Niliisoma mara mbili. Kwa muda wa zaidi ya mwezi, kwa mujibu wa kompyuta zetu, mama huyo hakuwa amegongwa.

Najua mnazo kamati kwa sababu zinadaiwa. Miongozo ya utawala bora ambayo mamlaka yetu ya kudhibiti bima, IRA, iliitoa mwaka 2011 inataka kila bodi iwe nayo. Jumuiya ya kimataifa ya wasimamizi wa bima inataka kila kampuni iwe na idara nne za udhibiti: ya vihatarishi, ya utii wa sheria, ya takwimu bima na ya ukaguzi wa ndani. Hati zenu za majukumu zimeandikwa vizuri, na semina za utawala bora tumehudhuria pamoja kule Naivasha, tukala samaki. Kasoro haiko kwenye karatasi.

HIH ya Australia nayo ilikuwa na kamati ya ukaguzi. Ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za bima nchini humo ilipoanguka Machi 2001, ikaacha pengo lililokadiriwa kufika dola bilioni 5.3 za Australia. Serikali ikaunda tume ya kifalme chini ya Jaji Neville Owen, aliyetoa ripoti mwaka 2003. Ninaipenda ripoti hiyo, kama mtu anavyoweza kuipenda ripoti ya maiti, kwa sababu haikusimulia wizi mkubwa wa kisinema. Kiini cha alichokiona jaji ni kwamba kampuni haikuweka akiba ya kutosha kwa madai yake. Iliweka makadirio ya katikati tu, bila kuongeza chochote cha tahadhari, na akiba ilipoonekana kupwaya ikaingia mikataba ya bima mtawanyo ambayo kwa undani ilikuwa mikopo iliyovalishwa kanzu ya bima.

Kamati yake ilifanya nini? Ilikutana. Iliangalia tarakimu za mahesabu. Watendaji walihudhuria, mkurugenzi mkuu Ray Williams akiwemo, na hakukuwa na utaratibu wa wajumbe kukaa na wakaguzi peke yao. Kampuni ya ukaguzi wa nje ilikuwa Arthur Andersen, na watu watatu katika bodi walikuwa wamewahi kuwa wabia wa Andersen, akiwemo mwenyekiti, aliyekuwa bado akilipwa na Andersen kwa ushauri. Mkaguzi mmoja wa Andersen alipothubutu kukutana na wakurugenzi wasio watendaji bila uongozi kuwepo, uongozi ulinuna, na baadaye akaondolewa kwenye kazi hiyo. Hebu tulieni hapo kidogo. Mkaguzi wa nje, mwenye jina la kampuni ya dunia nzima nyuma yake, aliondolewa kwa kukutana na wakurugenzi. Mnadhani mkaguzi wa ndani, aliyeajiriwa na mkurugenzi mkuu, atapata wapi ujasiri wa kuwafuata ninyi kwenye maegesho ya magari?

Kuna mfano mwingine wa AIG ya Marekani, na huu huwa naufikiria usiku. AIG ilikuwa na tawi la fedha lililouza aina ya kinga dhidi ya mikopo kutolipwa. Mhasibu mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika tume ya masoko ya mitaji ya Marekani aliajiriwa mwaka 2006 asimamie taratibu za uhasibu katika tawi hilo. Mwishoni mwa Septemba 2007, thamani ya mikataba ile ikiwa imeanza kutiliwa shaka, mkuu wa tawi, Joseph Cassano, alimwambia kwamba amemweka kando makusudi katika kuithaminisha, asije akauchafua mchakato. Mhasibu akajiuzulu Oktoba 1. Ndipo mkuu wa ukaguzi wa ndani wa AIG alipomtafuta amuulize kwa nini anaondoka, naye akamweleza. Haya aliyaandikia kamati ya bunge la Marekani mwaka uliofuata. Februari 2008 AIG ilitangaza kwamba wakaguzi wake wa nje wamekuta udhaifu mkubwa katika udhibiti wa uthaminishaji huo huo. Septemba 16, serikali ya Marekani ikaiokoa kwa mkopo wa dola bilioni 85.

Kinachonikosesha usingizi ni mpangilio wa siku. Habari kamili ilimfikia mkaguzi mkuu mtu alipokuwa ameshafunga virago. Nikajiuliza, ni wangapi walitoka kampuni yangu bila mimi kuwauliza kwa nini?

Basi ninachowaomba si kingi.

Kila kikao, kabla hamjaanza au baada ya kumaliza, watoeni nje mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa fedha, mbaki na mkaguzi wa ndani. Kila kikao, hata kama hana neno. Mkifanya hivyo mara moja kwa mwaka, siku hiyo itakuwa kama kuitwa shuleni kwa mwalimu mkuu: kila mtu atajua kuna mashtaka, na mkaguzi atasema mambo ni mazuri. Mkifanya kila mara, itakuwa desturi kama chai, na siku akiwa na neno halitaonekana usoni mwake anapoingia. Viwango vipya vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyoanza Januari 9, 2025, vinataka mikutano ya namna hiyo. Msingojee mkaguzi aiombe. Mimi sikuiomba.

Ripoti yake ije kwenu kama alivyoiandika. Uongozi una haki ya kujibu, na jibu lao liambatishwe nyuma, kwa maneno yao na saini yao. Wasiandike ndani ya maneno yake. Na mshahara wake, tathmini yake, kuajiriwa na kufukuzwa kwake viamuliwe na kamati. Mkurugenzi mkuu atawaambia hilo linavuruga mlolongo wa utawala. Ndiyo, linauvuruga, na hiyo ndiyo kazi yake.

Halafu akiba ya madai. Msiulize kama inatosha. Hakuna mtu aliyewahi kujibu haitoshi mbele ya bodi. Chukueni akiba iliyokuwa kwenye vitabu Desemba 31 miaka mitano iliyopita. Ulizeni: madai ya ajali zilizokuwa zimetokea hadi siku ile, tumeyalipa kiasi gani mpaka leo, na tunadhani yaliyobaki ni kiasi gani? Jumlisheni mbili hizo, mziweke kando ya tarakimu ya zamani. Rudieni kwa mwaka uliofuata na uliofuata. Kama kila mwaka jumla inaizidi ile ya vitabuni, hamhitaji mtakwimu awaeleze. Mmejionea mkono unaolalia upande mmoja. Hesabu hiyo inaingia ukurasa mmoja, na katika miaka yangu yote sikuwahi kuiona katika kabrasha la kamati.

Mengine nitayapitia haraka. Mawakala wanaokaa na ada za wateja mifukoni, wakati kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Mabaki ya magari yanayouzwa kwa bei ya kutupa kwa watu wenye majina ya ukoo mnayoyafahamu. Viwanja vilivyothaminiwa na mthamini yule yule mwaka hadi mwaka. Madai yaliyokubaliwa yanayovuka siku 90 zinazotajwa na kifungu cha 203: hilo lisomeni kama dalili ya ukata kabla ya kulisoma kama uzembe, kwa kuwa kampuni isiyo na fedha huanza kupoteza mafaili.

Mtanijibu kwamba ninyi si watendaji, mnakutana mara nne kwa mwaka, na mkaguzi wa nje analipwa vizuri kwa kazi hiyo. Nalikubali la kwanza na la pili. Kwa la tatu, mkaguzi wa nje huja akiwa na wiki chache, anapima kwa sampuli zinazotoka kwenye mfumo, na kitu kisichomo kwenye mfumo hakiwezi kuingia kwenye sampuli. Mkaguzi wa ndani yupo mwaka mzima. Anakula kantini moja na makarani wa madai. Anajua nani amenunua gari jipya na nani ameacha kuzungumza. Maarifa hayo mmeyalipia tayari, na mlango wake ndio mliomwachia mkurugenzi mkuu ufunguo.

Nakumbuka pia kwamba hamkunifanyia ubaya. Mwenyekiti wa siku ile alikuwa mtu mwema, aliyenisalimia kwa jina na kuniuliza habari za nyumbani. Kama angeuliza swali moja tu, barua ngapi, ningejibu. Nilikuwa na idadi mfukoni, nimeiandika kwa kalamu kwenye kikaratasi.

Wengi wenu mtakutana Machi kupitisha mahesabu ya mwaka. Fikeni nusu saa kabla. Msipande lifti moja kwa moja. Simameni mapokezi, msalimieni binti aliyeko pale, mwombeni daftari la barua zinazoingia la mwezi wa Desemba. Atawapa, hajaambiwa asiwape. Chagueni barua kumi za mawakili, nakilini tarehe za muhuri, kisha pandeni juu na mmwombe mkaguzi wenu azitafute kwenye mfumo mkiwa mmekaa naye.

Wenu,
Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Nairobi